Msumari Unaoelea

Tranka tulilobebea vifaa lilikuwa langu la sekondari. La bati, rangi ya bluu imebanduka, na namba yangu ya bweni bado ilisomeka ubavuni kwa rangi nyeupe. Ndani yake mlikuwa na chupa tupu za maji, mabomba ya sindano yasiyo na sindano, betri, balbu ndogo za tochi, sumaku tuliyoing'oa kwenye spika mbovu, maputo, siki, mishumaa, na kopo la misumari. Tulilifunga nyuma ya pikipiki kwa mipira ya tairi. Mwenzangu aliendesha, mimi nilikaa katikati nimebanwa na bati mgongoni, na kila tuta barabarani lilinikumbusha ni kona gani ya tranka iliyokuwa na ncha.

Tulikuwa wawili tu. Yeye alikuwa na stashahada ya ualimu, mimi shahada ya fizikia na kemia, na wote tulikuwa tunasubiri ajira. Wakati wa kusubiri tulijiunga na kikundi kidogo cha kujitolea kilichopeleka sayansi ya vitendo kwenye shule za msingi, siku mbili kila shule, darasa la tano na la sita. Tulianzia Kishapu, tukaenda shule za jirani na Songwa, kisha tukavuka kwenda Geita.

Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Mwalimu mkuu akisema "karibuni" bila kuongeza "sana", nilikuwa nalibeba hilo mpaka jioni. Njiani nilimuuliza mwenzangu, nikipiga kelele kushinda upepo: "Unadhani hawakutaka tuje?" Naye akajibu bila kugeuka: "Profesa, yule mzee alikuwa na meno yanauma. Hukuona shavu?" Sikuwa nimeona shavu. Nilikuwa nimesikia neno tu.

Mchezo tuliouanzia kila darasa ulikuwa wake. Tunaweka ndoo ya maji mezani, tunainua kitu juu, na wanafunzi wanajibu kwa miguu. Anayedhani kitazama anakwenda upande wa mlango, anayedhani kitaelea anakwenda upande wa dirisha. Hakuna kunyoosha kidole, hakuna kuandika. Ukibadili mawazo unahama, na wenzako wanakuona unavyohama. Darasa zima linageuka soko la mnada: watu wanavutana mashati, wanazomeana, wanaitana kwa Kisukuma. Kisha kitu kinaachiwa majini na upande mmoja unalipuka kwa shangwe.

Kishapu tuliongeza jambo. Siku ya kwanza jioni tuliwaambia watoto kila mmoja alete kesho, kutoka nyumbani, chochote cha majimaji, kidogo tu, tuone kipi kinakaa juu ya kipi. Wakaja na walichonacho: maziwa, samli iliyoyeyushwa, mafuta ya pamba, asali, mafuta ya taa, mchuzi. Tulivimimina polepole katika chupa moja iliyokatwa kichwa, vikapangana tabaka kwa tabaka, na mtoto mmoja wa wafugaji alituambia kwa sauti ya mtu anayerudia jambo la kila siku kwamba maziwa yakilala, mafuta yake hupanda juu, na mama yake huyaengua asubuhi. Niliandika maneno yake kwenye daftari langu. Usiku huo sikuwaza chochote kibaya. Nalitaja hilo kwa sababu halinitokei mara nyingi.

Nazitamani siku zile kuliko ninavyoweza kueleza kwa watu wanaoniuliza kama nimeshapata kazi.

Shule ya kwanza ya Geita ilikuwa nje kidogo ya mji, katikati ya makazi ya wachimbaji wadogo. Kutoka darasani ungesikia karasha, zile mashine za kusaga mawe, zikiunguruma kutwa nzima, na vumbi lake lilikaa juu ya madawati kama unga. Darasa la sita lilikuwa na watoto wengi kiasi kwamba upande wa mlango wengine walisimama nje.

Tulianza na kizibo, tukaenda kwenye jiwe, tukaenda kwenye limao. Kisha nikainua msumari wa inchi nne.

Darasa zima likahamia mlangoni. Hilo tulilitegemea, msumari ulikuwa pale ili wapumzike na kupata kimoja kwa hakika. Lakini msichana mmoja alitembea taratibu peke yake hadi dirishani, akasimama, akakunja mikono. Alikuwa mrefu, sketi yake imeongezwa kipande cha kitambaa cha rangi nyingine chini. Wenzake walianza kucheka.

"Ee, njoo huku, utaaibika!"

"Mwache, yeye msumari wake wa plastiki!"

Nikamuuliza kwa nini amesimama kule. Akasema, bila haraka: "Madamu, umesema msumari. Hujasema maji gani."

"Maji ni maji," mvulana mmoja akapaza sauti kutoka mlangoni.

"Siyo yote," msichana akasema.

Niliuachia msumari ukazama, tik, chini ya ndoo, na mlangoni wakashangilia. Lakini mimi nilikuwa nimefurahi kuliko wao. Nilimwambia mbele ya wote kwamba hilo ni swali kubwa. Nikawaambia: kesho kila mmoja alete kutoka nyumbani chochote cha majimaji, tutajaribu kimoja kimoja, tuone kama kuna ambacho msumari unaelea juu yake. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. "Chochote." Neno hilo nimelirudia kichwani mara nyingi tangu siku ile, nikilipima kama lingeweza kuwa neno jingine.

Kesho yake walikuja na vichupa na vikopo, na sisi tukapita dawati kwa dawati. Mafuta ya kula, maji ya chumvi, uji, asali, soda iliyoisha gesi. Msichana alikuwa dawati la tatu. Alifungua fundo la kitambaa, akatoa kichupa cha dawa ya macho, kile kidogo cha plastiki, akaniwekea kiganjani. Mkono wangu ulishuka. Kitu kidogo namna ile hakikupaswa kuwa na uzito ule. Nilikiinua kwenye mwanga, na ndani yake kulikuwa na fedha inayotembea.

Zebaki. Nyumba nyingi za pale zilikuwa nayo, ndiyo wanayoichanganya na mchanga uliosagwa ili ishike dhahabu. Nilikuwa nimeisoma miaka mitatu chuoni, mvuke wake, mishipa ya fahamu, figo, na sikuwa nimewahi kuishika hata siku moja. Na msichana alikuwa tayari ameshika msumari mkononi mwake mwingine, ameunyoosha, ananingoja.

Nilipiga kelele. Si kuongea kwa sauti, kelele. "Weka chini! Usiguse! Tokeni nje wote!"

Watoto walikimbia kama kuna nyoka. Madawati yalianguka, uji ukamwagika, mmoja akapoteza ndala. Msichana peke yake hakukimbia, kwa sababu kichupa kilikuwa mkononi mwangu, si mwake, na nadhani alikuwa anajaribu kuelewa nimemwambia aweke nini chini.

Mwalimu mkuu alifika anahema. Nilimwonyesha. Alikichukua kwa vidole viwili, akakitikisa, akaniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Hii? Madamu, hii hapa mtaani ni kama chumvi." Kisha akamgeukia msichana, na sauti ikabadilika. "Umeiba kwa nani?"

Msichana aliniangalia mimi. Watoto walikuwa wamejaa madirishani, wote wanasikia. Palikuwa na nafasi pale, ndefu kabisa, ya kusema: hakuiba, nilimwagiza mimi. Nilikuwa naipanga sentensi. Niliwaza nikisema nimeagiza zebaki, kikundi chetu kitafukuzwa Geita nzima. Nikawaza nikisema sikujua, nitaonekana sijui ninachofundisha. Nikiwa bado napanga, mwalimu mkuu aliondoka na kichupa kwenda kukifungia ofisini.

Mwenzangu aliwarudisha watoto ndani kwa wimbo na utani. Tukaendelea na majaribio. Msumari ulizama kwenye mafuta, ukazama kwenye maji ya chumvi, kwenye soda, hata kwenye asali, taratibu. Tulipomaliza vyote, yule mvulana wa jana akasimama: "Si tulisema! Msumari unazama. Muongo yule!"

"Muongo! Muongo!" Darasa likaitikia.

Msichana alikuwa amekaa, mikono juu ya dawati, macho kwangu. Hakuwa analia. Alikuwa ananisubiri. Mimi nilikuwa najua, na yeye alijua kwamba najua, kwamba ukiuweka msumari juu ya zebaki unakaa juu kama kijiti juu ya maji. Kulikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Ingechukua muda mfupi kuliko kupuliza puto.

Nikasema: "Haya, sasa tuje kwenye siki na maputo."

Jioni, tukifunga tranka, mwenzangu aliniambia: "Ulifanya sawa kuiondoa. Zebaki si mchezo."

"Kuiondoa ndiyo."

"Basi?"

Nilikaza mipira ya tairi. Tulikwenda shule nyingine, na nyingine, na katika kila moja niliacha kuwaambia watoto walete kitu kutoka nyumbani. Tulibeba vimiminika vyetu wenyewe, vimeandikwa majina. Masomo yalikwenda vizuri na kwa usafi. Hakuna mtoto aliyeniambia tena jambo la mama yake.

Baada ya likizo ya Juni mwenzangu alipangiwa shule. Tuliagana stendi Shinyanga, akanipa kopo la misumari kwa mzaha, akaniambia nisiwaze sana. Nilirudi nyumbani kwa wazazi, nikaendelea kusubiri. Mchana nilifua, nilipika, niliandika barua za maombi. Na kila nilipokaa kimya niliona yale macho. Nilitamani jambo moja: kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Nilijua ni dogo. Nililigeuza kila upande nikitafuta ukubwa wake, na bado nilipanda basi kwenda Geita.

Shuleni waliniambia familia ile imehama. Kumetoka dhahabu upande wa Bukombe na nusu ya mtaa imefuata. Nikapanda gari hadi Ushirombo, na kutoka hapo bodaboda ikanipeleka porini kwenye mahema ya maturubai na miti iliyokatwa juzi. Niliuliza nikielekezwa kutoka kibanda hadi kibanda mpaka mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga, ambapo wanawake walikuwa wameinama juu ya makarai ya maji mekundu. Wa pembeni alikuwa na urefu uleule na mabega yaleyale. Sikuhitaji kuuliza tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatafuta mchanga au unatafuta mtu?"

"Natafuta mtu. Mimi ni yule mwalimu wa..."

"Wa kichupa," akamalizia. Akawageukia wenzake. "Njooni mmuone! Ndiye huyu aliyetoa watoto darasani mbio!"

"Huyu mwembamba hivi?" mmoja akasema. "Mbona hapa hajakimbia? Dada, hapo ulipokanyaga pamemwagikiwa zebaki."

Niliinua mguu kabla sijafikiri. Wakacheka hadi wakaketi. Na mimi nikacheka, kwa sababu nilistahili.

Mama yake hakucheka muda mrefu. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Mwalimu mkuu alisema mwanangu ameiba. Hakuiba. Alikuja jioni akaniambia, mama, madamu amesema tulete cha majimaji, na mimi najua kipi. Nikamtilia mimi, kwa mkono huu. Nikamwambia asimwage. Alitoka asubuhi anaruka. Aliporudi hakusema kitu. Siku tatu hakutaka kwenda shule."

"Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyewaagiza, na sikusema."

"Ndiyo. Hukusema."

Nilikuwa nimeandaa maneno juu ya zebaki pia, juu ya moshi wake na watoto. Alinikatiza kabla sijafika mbali. "Najua, mwanangu. Zahanati walitueleza. Nikiichoma, watoto nawatoa nje. Ukija na kitu kingine cha kushika dhahabu, nitaitupa hii leo hii." Sikuwa na kitu kingine. Nilikuwa na shahada.

Msichana hakuwepo. Walikuwa wamempeleka Chato kwa mama yake mdogo ili asome asikatishwe na kuhamahama. Mama alitoa simu yake ya vitufe, imefungwa na mpira, akapiga, akaongea Kisukuma kwa muda, kisha akanipa.

"Shikamoo, madamu."

Niliitikia. Sauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Njiani kote nilikuwa nimepanga mwanzo, katikati na mwisho, na vyote vikaniponyoka. Nikasema tu: "Siku ile ulikuwa sahihi. Msumari unaelea juu ya zebaki. Nilijua, na sikusema. Samahani."

Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia.

"Najua, madamu," akasema. "Nilishauweka nyumbani nikaona."

"Ndiyo."

"Uliwaambia wenzangu?"

Nilikuwa nimesafiri siku nzima na swali hilo halikuwa limenijia hata mara moja, mimi ninayewaza kila kitu. "Bado," nikasema.

"Aa." Kisha kwa adabu kabisa: "Haya, madamu." Akaitwa, akaenda. Nikaandika namba ile kwenye daftari, chini ya maneno ya mtoto wa Kishapu.

Wiki iliyofuata nilirudi Geita peke yangu, sina tranka, nina kopo la misumari. Mwalimu mkuu alinipa kipindi kimoja na kusimama nyuma ya darasa, mikono mgongoni. Nilipoinua msumari, miguu yao ikakumbuka yenyewe. Wote mlangoni.

"Kuna mwenzenu mliyemwita muongo," nikasema. "Hakuwa muongo. Ule msumari ungewekwa juu ya kile alichokileta, ungeelea. Mimi nilijua siku ileile, nikanyamaza. Kosa ni langu."

Nilitegemea mshangao, labda ubishi. Walitazamana. Yule mvulana aliyekuwa wa kwanza kusema muongo alijikuna shingo.

"Madamu, hata sisi tunajua."

"Mnajua nini?"

"Kwamba unaelea. Hata jiwe. Nyumbani tunaona. Baba akimimina kwenye karai, vijiwe vinakaa juu."

"Hata mimi," mwingine akasema. "Mimi nilishawahi kuweka kifungo cha shati cha chuma."

Kumbe nusu ya darasa walikuwa na hadithi. Zilitoka kwa fujo, kila mtu na karai lake, kila mtu na mjomba wake. Niliwaacha mpaka zikaisha, kisha nikauliza: "Kwa nini basi siku ile mlisimama wote mlangoni?"

Msichana mmoja wa mbele akajibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia: "Mlangoni ndiyo jibu la shule, madamu."

Mwalimu mkuu akakohoa kule nyuma. "Ukimpata," akasema, bila kuniangalia, "mwambie lile neno la wizi nalo limefutwa." Kisha akatoka kwenda kugonga kengele, ingawa muda ulikuwa bado.

Nilitoa simu palepale. Nilitaka asikie wenyewe wakisema, wote kwa pamoja, kama walivyosema lile neno jingine. Nikaweka sauti kubwa, darasa zima likanyamaza, hata karasha zilionekana kupumzika. Namba haikupatikana. Tukajaribu tena. Mara ya tatu kengele ikalia, wakaniaga, wakatoka.

Ni miezi sasa. Nimempigia mama yake, naye amehama tena, simu haishiki kule aliko. Kila Jumapili baada ya misa najaribu ile namba ya Chato, wakati ambao naamini watu wapo nyumbani. Nawaza labda mama yake mdogo amebadili laini. Nawaza labda wanaiona namba yangu na wanaiacha. Nawaza yuko darasa la ngapi sasa, na wakimuuliza jambo analolijua anakwenda upande gani.

Jumapili iliyopita iliita. Iliita mpaka ikakata yenyewe, hakuna aliyepokea. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba na simu mkononi, nikisema kwa sauti ya chini, ili nisije nikakosea: wenzako wamesema ni kweli, wote, na walikuwa wanajua.